Minara Miwili si Mkunazini: uzoefu wangu na mwongoza watalii wa Mji Mkongwe

Tulikuwa tumesimama chini ya kanisa la Minara Miwili, Unguja, jua la saa saba linachoma, kijana tuliyemlipa atutembeze akanyoosha kidole: "Hapa ndipo palipokuwa soko la watumwa. Wazungu wakalivunja, wakajenga kanisa hili." Kina mama wawili wa Kijerumani waliokuwa kundini mwetu wakatoa madaftari wakaandika. Mimi damu ikanipanda.

Soko lilikuwa Mkunazini! Kanisa lililojengwa pale ni la Waanglikana, lile la Askofu Steere, na lilianza kujengwa 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipolifunga soko. Minara Miwili ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki. Walilijenga mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu miaka ya 1890, soko limeshafungwa kama miaka ishirini. Kutoka moja hadi jingine ni mwendo mfupi wa miguu. Mtu anayekula kwa kazi hii anayachanganyaje?

Nilimvuta pembeni wageni wasisikie, nikamwita kaka, nikamweleza taratibu. Akaniangalia kuanzia miguuni, akarudi mbele ya watu akasema kwa sauti: "Dada wa Bara huyu anataka kunifundisha Unguja! Kama unajua sana, shika wewe kundi." Watu wakacheka. Mume wangu akanibana mkono, akijua ninavyokuwa.

Niseme kwa nini limeniuma hivi. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo. Bibi wa bibi yangu aliuzwa Mkunazini akiwa mtoto, na aliyemnunua ni padre. Kwetu habari hii husimuliwa kwenye matanga, usiku, wazee wakiwa wamekaa mkekani, na hakuna anayeikatiza. Padre Fava alifika Unguja kutoka Réunion mwishoni mwa 1860, akiwa na mapadre wenzake na masista. Mwaka 1863 akaja Padre Horner na wenzake wa Roho Mtakatifu. Mwaka 1868 wakavuka bahari kuja kwetu, wakaanzisha Misheni na kijiji cha watu waliokombolewa. Watoto wengine walitolewa sokoni pale kwa fedha taslimu, kama alivyotolewa yeye. Kwa hiyo uhusiano wa Wakatoliki na soko lile upo, tena mzito, na hata sisi wajukuu tunaujadili mpaka leo: kumnunua mtu ili awe huru, halafu akue chini ya kengele ya Misheni, ulikuwa uhuru kamili? Hilo ni la kuzungumzwa. Lakini mahali alipouzwa pana jina lake, na huwezi kupahamisha kwa sababu kundi limechoka kutembea.

Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa. Kijana akasema "limefungwa, twendeni kwenye viungo," wakaondoka. Mimi nikabaki. Nikazunguka, nikamkuta mzee mmoja anafagia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Umepotea, mwanangu?"

Akanifungulia mlango wa pembeni. Ndani kulikuwa na ubaridi. Picha za ukutani zimefifia, rangi imebanduka kwa unyevu wa chumvi hadi baadhi ya nyuso hazionekani tena, ila vioo vya rangi bado vinamwaga bluu na nyekundu sakafuni. Mzee akapangusa benchi kwa ncha ya shuka lake nikae, naye akakaa. Akanisimulia jimbo lake kama mtu anavyosimulia ukoo.

Mwaka 1883, askofu wa hapa, de Courmont, alikuwa na Vikarieti ya Zanguebar, yaani eneo la kimisheni lenye askofu ambalo halijawa jimbo, pamoja na bara tunakotoka sisi. Mwaka 1906 Bagamoyo ikakatwa ikawa vikarieti yake. Sehemu ya Kenya ilibaki chini ya Unguja hadi 1953, Nairobi ilipofanywa jimbo kuu, na Unguja iliyoizaa ikawa chini ya mwanawe. Miaka miwili baadaye ikawekwa chini ya Mombasa. Mwisho wa 1964, mwaka wa Mapinduzi, ikatengwa peke yake, na 1980 ndipo ikawa jimbo kamili. "Sisi ni wachache," mzee akasema, "lakini wote mmetokea mlango huu." Nililia, sikuona haya.

Kwa kanisa, nyota tano. Kwa matembezi niliwaza nyota mbili, maana haki ni haki: yule kijana anaijua milango ya kuchonga vizuri sana, na alimsaidia mama mmoja mwenye mguu mbaya kila kwenye ngazi. Halafu mwisho wa safari akanijia mimi, mimi yuleyule, akitaka chai. Nikapiga simu ofisini kwao jioni. Dada aliyepokea akanisikiliza, kisha: "Wageni hawajui tofauti, dada yangu, usijisumbue." Basi sitoi hata moja. Kosa la kijana ningelisamehe, huenda ndivyo alivyofundishwa. Hili la ofisini silisamehi.

Kesho yake kwenye boti ya kurudi Dar niliwaona wale Wajerumani. Nikaenda kukaa nao, nikawaeleza yote, hata habari ya bibi, huku minara ile miwili ikizidi kuwa midogo nyuma yetu. Yule mkubwa akafungua daftari lake, akakata mstari, akaniuliza Mkunazini inaandikwaje.