Programu ya ankara za eTIMS: ipi inajua kurudisha mzigo?

Wasomaji wanaouzia supamaketi, hoteli na shule wananiandikia kuhusu programu tofauti tofauti za kutoa ankara kwa eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), lakini kilio ni kimoja: bidhaa zilizorudishwa. Umepokea LPO (oda ya maandishi ya mteja) ya katoni 40 za sabuni ya maji, umepeleka 40. Karani wa stoo anakagua, anakataa 3 zinazovuja, anagonga muhuri wa 37. Ankara ya 40 ilishatoka asubuhi, ina nambari ya KRA na msimbo wake wa QR. Kuifuta hakuna. Dawa ni krediti noti, yaani hati ya kupunguza ankara iliyokwisha kutoka, inayotaja nambari ya ankara ile ile pamoja na sababu: idadi imepungua, mali imeharibika, PIN ya mteja (nambari yake ya mlipakodi) imekosewa, na kadhalika. Usipoitoa, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ya katoni zilizorudi unailipa wewe, na malipo yako yote yanalala kwa mhasibu wa mteja kwa sababu karatasi zake hazilingani. Sheria ya VAT inakupa miezi sita tangu tarehe ya ankara. Ukichelewa, imekula kwako.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia nembo, rangi wala ripoti zenye michoro. Kutoa ankara kila programu inaweza. Nimezipanga kwa swali moja: inarudishaje katoni 3 kati ya 40?

Ya kwanza kwangu ni Odoo, programu ya kuendeshea biashara, na sifichi kwamba naipenda. Moduli yake ya Kenya inazungumza na eTIMS moja kwa moja. Krediti noti lazima ufungamanishe na ankara yake ya awali, uchague sababu ya KRA, na idadi au bei iliyozidi iliyouzwa haipiti. Kizuizi hicho cha mwisho ndicho kilichoniteka, maana karani aliyechoka saa kumi na moja jioni huandika 300 badala ya 3. Kisha inavuta ankara ambazo wauzaji wako wamekutolea kwenye eTIMS, hukai kuzinakili upya. Huko ndiko kubadilishana hati hasa. PDF kwenye barua pepe ni karatasi tu iliyopanda gari la kasi. Upande wa pili kuna mtu anayeichapa upya, na makosa yake juu. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato, kwa hiyo upande wa manunuzi una uzito sawa na wa mauzo.

Ubaya wake? Unalipia kila mtumiaji, kila mwezi. Inatumia OSCU, yaani inataka mtandao wakati wa kutoa ankara. Kama ghala lako liko mahali intaneti inakatika kila mvua ikinyesha, ulizia mfumo wa VSCU, unaokaa kwenye kompyuta yako na kutuma baadaye. Pia utahitaji mtu wa kukupangia bidhaa na misimbo yake ya kodi: A ni zisizotozwa VAT, B ni za asilimia 16, C ni za asilimia sifuri. Sabuni ikiingia C kwa bahati mbaya, hiyo ni krediti noti nyingine.

Ya pili, Zoho Books. Nyepesi, mhasibu wa kawaida anaizoea haraka, na biashara ya watu wawili watatu haihitaji zaidi. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji atoe mbele yako krediti noti ya sehemu ya ankara, siyo ya ankara nzima, kisha uiangalie ilivyofika KRA.

Ya tatu ni programu ya uhasibu kama QuickBooks, Sage au Tally iliyofungwa kiunganishi cha kampuni nyingine, yaani kifaa cha programu kinachoipeleka ankara KRA. Wengi mnazo tayari, najua. Tatizo liko kwenye kiunganishi chenyewe: ankara inabeba nambari ya programu na nambari ya eTIMS, na kiunganishi kisipokumbuka ipi ni ya ipi, krediti noti inakataliwa huku vitabu vyako vikionyesha imeshatoka. Unakuja kugundua siku ya kujaza VAT, tarehe 20 ikiwa mlangoni.

Za bure za KRA zipo. eTIMS Lite, pamoja na *222#, inamfaa asiyesajiliwa kwa VAT na mwenye ankara chache. Msambazaji wa supamaketi asipoteze muda nayo.

Sasa hawa wauzaji wa viunganishi. Kwa nini bei haiandikwi popote? Unapiga simu, unaulizwa biashara yako ina matawi mangapi na mauzo yako ya mwezi ni kiasi gani, halafu ndipo bei inazaliwa, tena kwa dola, kwa mfumo wa kulipa ushuru kwa shilingi! KRA yenyewe haitozi kitu kwa eTIMS. Unachonunua ni waya kati ya programu yako na KRA, na mwakani utaulipia tena. Ukilalamika kuhusu krediti noti, wa programu anakuelekeza kwa wa kiunganishi, wa kiunganishi anasema shida iko KRA.

Hakikisha kwanza jina la kampuni limo kwenye orodha ya waunganishaji walioidhinishwa katika tovuti ya KRA. Kisha mkataba useme mambo mawili kwa maandishi: nani anagharamia marekebisho KRA ikibadilisha masharti yake, na ni nani, kwa jina na nambari ya simu, anayeshughulikia krediti noti iliyokataliwa. Asiyetaka kuandika la pili, mpe kwaheri na umpigie mwingine.