Kipimo cha vinasaba vya uvimbe wa ubongo: nyota nne

Kwa wanaouliza kama kipimo hiki kina thamani ya pesa yake: kinayo, ila msilipe kabla hamjajua nani atawasomea majibu.

Mdogo wangu wa kiume alipasuliwa kichwa Dar es Salaam. Majibu ya kwanza ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichotolewa, yalitupa ahueni: astrositoma (aina ya uvimbe wa ubongo) ya daraja la 2, inayokua polepole. Daktari wake hakuridhika, maana picha za MRI zilikuwa zinasema mengine. Akataka kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta kipelekwe India kupimwa vinasaba. Bei ilituumiza, ukoo mzima ukachanga.

Yaliyorudi yalibadilisha matibabu yote. Jeni ya IDH, ambayo kwa kawaida huwa imebadilika kwenye astrositoma za polepole, haikuwa na mabadiliko, halafu ile ya EGFR, iliyoko kwenye kromosomu ya 7, ilikuwa imejirudufu kupita kiasi. EGFR ni kipokezi kwenye ngozi ya seli. Kikipata ishara kutoka nje, huiamuru seli igawanyike. Jeni ikijirudufu, seli hujaa vipokezi na amri haziishi. Ipo hata aina iliyokatika sehemu ya nje, EGFRvIII, ambayo ni kama kengele ya mlango inayolia bila mtu kuibonyeza. Kwa mwongozo wa WHO wa 2021, astrositoma ya mtu mzima yenye majibu kama yetu huitwa glioblastoma, uvimbe mkali sana, daraja la 4, hata kama chini ya darubini inaonekana pole. Akaanzishiwa mionzi pamoja na vidonge vya saratani vya temozolomaidi. Mstari wa MGMT, jeni inayoisaidia seli kurekebisha madhara ya vidonge hivyo, nao ulionyesha methilesheni, yaani jeni hiyo imezimwa na vidonge vina nafasi nzuri zaidi kwake. Kwangu huo ndio mstari uliostahili pesa kuliko yote.

Nyota niliyoipunguza ni ya ukurasa wa mwisho. Maabara iliorodhesha dawa za kuzuia EGFR, erlotinibu na gefitinibu, bila neno la tahadhari. Wifi yangu alipoziona akataka kiwanja kiuzwe. Dawa hizo zimewasaidia wagonjwa wa saratani ya mapafu wenye mabadiliko ya EGFR, lakini kwa glioblastoma hazijarefusha maisha. Hupenya ubongoni kwa shida, na seli za uvimbe mmoja hazifanani: zinazotegemea kipokezi zikifa, nyingine huendelea kukua. Hata chanjo ya rindopepimut, iliyotengenezwa mahsusi kwa EGFRvIII, ilishindwa kwenye jaribio kubwa lililochapishwa 2017: kwa waliobaki na uvimbe mdogo baada ya upasuaji, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 20.1, na wasiopewa chanjo miezi 20.0. Familia iliyochanganyikiwa haipaswi kuachiwa orodha kama ile peke yake.

Ulizeni mapema kama mtapata mpatholojia wa kuongea naye kwa simu, na kama kinyama kilichobaki kitarudishwa. Chetu kilirudi salama, kimewekwa hospitali.