Kadi ya mkopo ya riba asilimia 34.9 na akaunti isiyo na ovadrafti: uzoefu wangu Uingereza

Hii ni kadi ya watu ambao mfumo wa hapa hauwajui. Unaweza kuwa ulimaliza mkopo wako vizuri kabisa kule Dar es Salaam, lakini ukifika Uingereza hilo halikufuati. Experian, Equifax na TransUnion, ndio wanaotunza rekodi za wakopaji, hawana cha kusema juu yako. Kampuni ya simu inakukatalia mkataba, wakala wa nyumba anadai mdhamini. Benki nayo inakufungulia akaunti ya msingi: mshahara unaingia, unapata kadi ya kununulia, bili zinakatwa zenyewe, ada ya mwezi hakuna. Ila ovadrafti, yaani ruhusa ya kutumia zaidi ya ulichonacho kwenye akaunti, hupewi hata senti moja. Salio likiisha limeisha.

Juu ya akaunti hiyo ndipo nilipochukua kadi ya mkopo. Kikomo pauni 300, riba asilimia 34.9 kwa mwaka, ada ya mwaka hakuna. Kampuni siitaji, kwa sababu kadi za aina hii zinafanana sana.

Wengi wakiiona hiyo 34.9 wanakimbia. Ukiigeuza kuwa ya mwezi, kwa kuwa ile ya mwaka inahesabu riba juu ya riba, ni kama asilimia 2.5, maana yake deni la pauni 300 likilala mwezi mzima linazaa pauni 7 na nusu hivi. Lakini ukilipa deni lote lililoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, kabla ya tarehe ya mwisho, riba ya manunuzi ni sifuri. Kwenye kadi yangu unaweza kukaa na pesa yao hadi siku 56 bila kuilipia chochote. Kwa hiyo kiwango cha riba hakijaninyima usingizi. Kinachonisumbua ni kalenda.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na tunalipwa kila baada ya wiki nne, si kila mwisho wa mwezi. Kadi inafuata tarehe: dairekti debiti, yaani idhini ya kampuni kukata malipo yenyewe kwenye akaunti yako, inapita siku ile ile ya kila mwezi. Sasa fuatilia hapo. Siku ya mshahara inarudi nyuma siku mbili tatu kila mwezi, ya kadi haisogei. Kuna mwezi pesa inaingia leo na kadi inakata kesho, raha mustarehe. Baada ya miezi kadhaa kadi inakuja kukata wiki mbili tatu baada ya mshahara, wakati kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri na chakula vimeshapita. Mwenye akaunti ya kawaida ovadrafti ingemziba. Kwenye akaunti ya msingi malipo yanarudishwa tu. Benki haikutozi kwa hilo, ndio utaratibu wa akaunti hizi, lakini kampuni ya kadi inaandika faini ya pauni 12, na malipo yaliyokosekana yanabaki kwenye rekodi yako miaka sita. Yaani kitu ulichochukua kujenga jina ndicho kinachokuharibia.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Kwa kawaida kadi inalipia vitu viwili: pasi ya basi na vocha ya simu. Siku ile ile ninayonunua, nahamisha kiasi hicho hicho kwenda akaunti ndogo ya akiba, ili nisikione kwenye salio nikadhani ni changu. Mshahara ukiingia na taarifa ikiwa imeshatoka, nalipa mwenyewe kwenye programu ya simu. Dairekti debiti naiacha kama mlinzi, siku nikisahau. Uliza kwanza kampuni yako inafanyaje hapo: kwangu nikilipa mapema inajipunguza yenyewe, nikilipa siku moja kabla zinakatwa zote mbili, na kwenye akaunti isiyo na mto wa kuegemea hilo si jambo dogo.

Na ukijaza fomu ya hiyo dairekti debiti, soma. Kuna kiwango cha chini, kuna kiasi maalumu, kuna deni lote. Mimi kiwango cha chini ndicho kilichokuwa cha kwanza, kimekaa kama ndicho chaguo la kawaida. Kwa deni la pauni 300 ni kama pauni 10, na sehemu kubwa ya hizo ni riba. Ukilipa hivyo deni linapungua kwa pauni mbili na nusu hivi.

Kutuma pesa nyumbani kwa kadi hii, usithubutu. Mama mdogo alinipigia kutoka Tanga, bati za nyumba zimeng'oka na fundi yuko mlangoni.

"Mwanangu, si una kadi? Tuma kwa kadi."

"Mama, ile ya mkopo, si ya mshahara. Wanaihesabu kama nimetoa taslimu."

"Basi fundi atangoja, baba. Usijifunge kwa ajili ya bati."

Ndivyo ilivyo kwa kadi nyingi: kutuma pesa au kutoa kwenye mashine kuna ada ya asilimia 3 au zaidi, na riba inaanza siku hiyo hiyo, zile siku 56 hazihusiki. Nilituma mshahara ulipoingia.

Kuna faida moja ambayo watu wetu hawaizungumzi. Sheria ya mikopo ya mwaka 1974, kifungu cha 75, inasema ukinunua kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka pauni 30,000 kwa kadi ya mkopo, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji. Niliagiza friji ya pauni 180, ikaja haipoi, duka likanipiga danadana mpaka likaacha kujibu barua. Nikaipelekea kampuni ya kadi picha, risiti na zile barua, na pesa ikarudi. Kadi ya kawaida ya benki haina kifungu hicho.

Wanaoniuliza kuhusu riba kidini: mimi nalipa yote ili isiandikwe, lakini mkataba wenyewe una kipengele cha riba, na masheikh wana kauli tofauti. Ulizeni mnaowaamini.

Jambo jingine, jiandikishe kupiga kura. Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda mwenye kibali cha kuishi hapa anaruhusiwa kwa kuwa ni wa Jumuiya ya Madola, na kampuni za mikopo zinatumia daftari hilo kuthibitisha anwani.

Kampuni ya kadi ilinitumia ujumbe wa kuniongezea kikomo hadi pauni 800. Nilikataa, na kwenye mipangilio nikafunga wasinitumie tena. Mwenye mkataba wa saa zisizojulikana, wiki hii zamu tano na wiki ijayo moja, nisingempendekezea kadi hii hata kwa pauni 200. Aanze na chama cha akiba na mikopo cha mtaani kwake. Mwenye mshahara wa uhakika, achukue, ila apige simu waisogeze tarehe ya kukata kabla hajanunua chochote. Kwangu ilikuwa simu ya dakika chache tu.