Kushusha Hilux ya Mizigo kwa Inchi Mbili: Uzoefu Wangu

Nimeishusha pikapu yangu, Toyota Hilux LN85 isiyo na four-wheel, na baada ya kuitumia kwa kazi ya kila siku nimeridhika nayo, ingawa sababu zangu si zile zinazowasukuma vijana wengi kushusha magari yao. Sikuwa natafuta mwonekano. Kazi yangu ni kusafirisha samani kutoka kwa mafundi wa Keko kwenda kwa wateja wa Dar es Salaam, wengi wao wakiwa Kigamboni, na samani ni mzigo wa namna yake: kabati la nguo ni jepesi ukililinganisha na saruji, lakini ni refu, hushika upepo, na huifanya pikapu iyumbe kwenye kona na juu ya daraja, ambako upepo unakuja kwa ubavu.

Jambo ambalo kila anayefikiria kushusha pikapu anapaswa kulipima kwanza ni nafasi iliyopo kati ya ekseli, yaani chuma kinachounganisha tairi mbili za nyuma, na raba ya kugotea iliyo chini ya chesisi (fremu ya gari), kabla hata hajaangalia urefu wa gari kutoka ardhini. Nafasi hiyo ndiyo inayoiruhusu springi kufanya kazi yake. Ukishusha gari kwa sentimita tano, umezitoa sentimita tano hizo kwenye nafasi hiyo, na hakuna ufundi wa bei yoyote utakaozirudisha, isipokuwa kukata sehemu ya chesisi juu ya ekseli na kuijenga upya, kazi ambayo kwa gari la mizigo siwezi kuikubali.

Nyuma tulitumia bloki za chuma za inchi mbili. Kwenye gari langu ekseli imekaa juu ya springi, kwa hiyo bloki iliyowekwa katikati yao huiinua ekseli kuelekea chesisi, na gari linashuka bila springi yenyewe kuguswa. Hili ni muhimu kuliko linavyosikika. Njia ya kupunguza majani ya springi, yaani bapa za chuma zilizopangana, ambayo mafundi wengi huipendekeza kwa sababu haihitaji kununua kitu, hushusha gari kwa kulinyang'anya nguvu ya kubeba, na majani yaliyobaki hupinda kupita kiasi na huweza kuvunjika. Mbaya zaidi ni kuipasha springi moto kwa gesi ili ilegee, kwa sababu chuma cha springi hupata unyumbufu wake kutokana na namna kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Ukikichoma gereji umekiharibu, na hakuna anayejua kitashindwa siku gani. Mtu akikupendekezea gesi, ondoa gari lako hapo.

Mbele, Hilux ya aina hii haina springi za mviringo bali tosheni baa, yaani nondo ndefu zinazobeba gari kwa kujipinda, na kila moja ina boliti ya kurekebishia. Kulegeza boliti hiyo hushusha gari bila gharama ya kipuri chochote. Wengi huamini kwamba ukiilegeza gari linakuwa laini, na ukiikaza linakuwa gumu. Sivyo. Ugumu wa tosheni baa unatokana na unene wake, urefu wake na chuma chake, na boliti haibadilishi hata kimoja kati ya hivyo. Inabadilisha kimo tu. Ugumu ambao dereva anausikia baada ya kushusha ni mikono ya mbele, yaani vyuma vinavyoshikilia tairi za mbele, inayogota kwenye raba mapema. Kwa sababu hiyo mbele nilishusha kidogo kuliko nyuma, sentimita tatu na nusu hivi, nikaacha pikapu iendelee kuinuka nyuma kwa kiasi kidogo ikiwa tupu, ili ikipakiwa ikae sawa.

Sasa nije kwenye breki, ambazo ndizo zilizonifanya niandike haya yote. Hilux nyingi zina valvu ya breki za nyuma inayopima mzigo. Imefungwa kwenye chesisi, na fimbo yake imeunganishwa na ekseli: gari likipakiwa, chesisi hushuka, fimbo husogea, na valvu huruhusu shinikizo kubwa zaidi la mafuta ya breki kwenda nyuma, kwa kuwa tairi zilizobeba uzito zinaweza kufunga breki kwa nguvu bila kuteleza. Ukiweka bloki, chesisi imeikaribia ekseli siku zote, na valvu haina namna ya kujua kwamba hakuna mzigo. Matokeo yake ni pikapu tupu inayopeleka nyuma breki za pikapu iliyojaa, na kwenye lami iliyolowa mvua tairi za nyuma hufunga kabla ya zile za mbele na mkia kuanza kutafuta njia yake. Gereji ya kwanza iliyonifungia bloki haikuigusa valvu wala kuitaja. Niliona dalili nikiwa natoka hapo bila mzigo, kwa breki ya kawaida tu, na fundi mwingine ndiye aliyeirekebisha fimbo ile mpaka uwiano ukarudi. Ningependa kila fundi anayeuza bloki aulizwe swali hili kabla ya kulipwa: valvu ya mzigo utaifanyaje?

Upande wa tairi, alaimenti, yaani kupanga upya pembe za tairi, baada ya kushusha ni sehemu ya kazi yenyewe. Mikono ya mbele ikibadilisha pembe, tairi hulala ndani kwa juu na pia hubadilisha uelekeo, na zisiporekebishwa huliwa upande wa ndani ambako mtu haoni mpaka nyuzi zitokeze. Subiri gari litembee kidogo na kutulia ndipo upeleke, maana kimo cha tosheni baa hakikai mahali pake mara tu boliti inapolegezwa. Taa za mbele nazo zipimwe upya.

Shokapu nilibadilisha zote nne. Zile za zamani zilikuwa zimechoka, na pia sikutaka shokapu ya urefu wa kawaida ifanye kazi ikiwa imebanwa karibu na mwisho wa safari yake. Kwa kusema kweli, sehemu kubwa ya utulivu ninaousikia sasa nadhani inatokana na shokapu hizi kuliko zile inchi mbili, na mwenye bajeti ndogo aanze nazo, aendeshe, ndipo aamue kama bado anataka kushusha.

Faida niliyoipata naweza kuieleza kwa uhakika. Kabati refu likifungwa vizuri, pikapu haiyumbi kama zamani ninapobadilisha njia, na usukani unatii haraka zaidi. Wapakiaji nao wananyanyua hadi kimo kidogo zaidi, jambo ambalo kwa meza ya mninga linaonekana kwenye migongo ya watu ifikapo jioni.

Nilichotoa ni uwezo wa kubeba. Pikapu hii ilikuwa ikibeba karibu tani moja. Sasa sipakii zaidi ya nusu yake, na hata hapo matuta nayapita polepole sana, kwa sababu ekseli ikigota kwenye raba pigo lote huenda kwenye chesisi na, bila shaka, kwenye vioo vya kabati la mteja. Uwazi chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, haujabadilika, maana huo huamuliwa na kimo cha tairi. Kilichosogelea ardhi ni chesisi, bomba la moshi na sehemu ya chini ya injini. Kwenye barabara za udongo za ndani ya Kigamboni wakati wa masika kuna nyumba ambazo siendi tena na gari hili, nakodi jingine. Anayebeba mchanga, tofali au saruji asifikirie kabisa kushusha.

Pembe ya propela, nondo inayopeleka nguvu ya injini kwenye difu, pia hubadilika ekseli inapohamishwa. Kwa inchi mbili sikupata mtetemo wowote, lakini anayetaka zaidi ya hapo ajiandae kuweka kabari chini ya ekseli ili difu iangalie inakotakiwa.

La mwisho ni yubolti, yaani boliti zenye umbo la U zinazoifunga ekseli kwenye springi. Bloki zinahitaji yubolti ndefu zaidi, ziwe mpya na za chuma imara, na sentaboliti, boliti ya katikati ya springi, iingie sawasawa kwenye tundu la bloki ili ekseli isihame. Nati zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake, kisha zikazwe tena baada ya wiki ya kazi, kwa kuwa chuma kipya hukaa na kuacha ulegevu. Kwenye gari langu nati zote za nyuma zilikubali kuzunguka kidogo katika ukaguzi huo.