Feni ya prosesa: kabla hujauliza bei, uliza breketi

Meseji za wasomaji zimejaa na karibu zote zinalia kitu kimoja. Mtu katoka zake Mbarara au Gulu mpaka Kampala, kazunguka akedi za katikati ya mji, kanunua feni ya kupooza prosesa ya kompyuta, inayowaka taa rangi zote, kafika nyumbani breketi haiingii. Mmoja kanitumia picha, fundi wake kaifunga kwa zip tai. Zip tai jamani! Hitisinki, lile bonge la chuma la kupooza, la zaidi ya nusu kilo, linaning'inia kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) iliyosimama wima, halafu ananiuliza mbona prosesa inagonga digrii 100 na gemu inakwama.

Kwa hiyo leo taa, rangi na uzuri wa boksi sizigusi, hizo utaziona mwenyewe dukani. Naongelea breketi, yaani vile vyuma vinavyoshika feni kwenye bodi, kwa sababu hapa kwetu ndivyo vinavyoamua kama umenunua feni au umenunua uzito wa kuzuia mlango.

Elewa hivi. Kila bodi ina soketi yenye jina lake, ndiko prosesa inakokaa. Soketi za Intel za zamani, LGA1150, 1151, 1155 mpaka 1200, matundu yake ya kufungia feni yamekaa kwa umbali wa milimita 75. Ilipokuja LGA1700 mwaka 2021 wakasogeza mpaka 78, na prosesa yenyewe ikakaa chini kidogo, ndio maana hata fundi akilazimisha breketi ya zamani ikaingia, hitisinki haibani vizuri, pesti (ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki) inabaki nene na joto halitoki. LGA1851 ya 2024 inatumia matundu yale yale ya 1700. Upande wa AMD, soketi za AM4 na AM5 zinafanana, ila kwenye AM5 lile bamba la nyuma halitoki, kwa hiyo feni inayotaka bamba lake yenyewe haifungiki. Na kama bodi yako ni AM4 ya mtumba, geuza uangalie nyuma kabla hujalipa! Bamba lake ukifungua skrubu linaanguka, na hizi bodi za kwenye makontena mara nyingi zinafika bila bamba na bila vile viplastiki viwili vya juu. Ukiuliza utajibiwa, "Nyabo (mama), hiyo ni yuniveso, inaingia kila bodi." Hakuna ya kila bodi. Mwambie afungue boksi, amwage vyuma kaunta, akuonyeshe kimoja kimoja, akikataa kufungua ondoka.

Sasa nazipanga feni nne kwa breketi zake. Wenye kompyuta za Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba, poleni, nyie wengi wenu hamumo kwenye orodha hii. Matundu na plagi za feni za humo wamejitengenezea wenyewe, tafuta feni ya modeli hiyo hiyo.

Namba moja yangu ni Noctua NH-U12S, na sijifichi, naipenda Noctua na rangi yake ya kahawia ambayo watu wanaicheka. Hiyo feni ilitoka 2013. Soketi ya LGA1700 imekuja miaka minane baadaye, AM5 ikaja 2022, na kampuni ikatoa breketi za zote mbili, na ukiwa na risiti ya feni na ya bodi au prosesa yako unaomba breketi bure kwao Austria. Nitajie nyingine inayokujali hivyo baada ya kuchukua hela yako. Warantii miaka sita. Urefu milimita 158, kwa hiyo inaingia keisi nyingi za kawaida, tofauti na kaka yake NH-D15 ya milimita 165 ambayo keisi za bei ya chini mlango haufungi. Ubaya ni bei tu, huko nje ni dola 70 na kitu, ikifika hapa imepanda mpaka unaona aibu kumwambia mumeo. Toleo la redux la kijivu ni nafuu.

Ya pili, Thermalright Peerless Assassin 120 SE. Minara miwili ya hitisinki, mabomba sita ya kusafirisha joto, feni mbili, milimita 155, dola 35 hivi huko nje, na kwa kupooza peke yake inaipita U12S, nakubali. Breketi zake za chuma ni nzuri na zinakuja za Intel za zamani na mpya pamoja na AMD. Ila zikipotea, hilo ni juu yako. Na uwe na bisibisi ndefu, skrubu ziko katikati ya minara na lazima utoe feni ya kati kwanza.

Ya tatu, DeepCool AK400, mnara mmoja, inatosha kabisa kwa prosesa za kati kama i5 ya Intel au Ryzen 5 ya AMD. Kampuni hii Marekani iliiwekea vikwazo mwezi wa 6 mwaka 2024, kwa hiyo kama mzigo wako unatokea huko, uliza kwanza kama inapatikana.

Arctic Freezer 36 ni ya nne kwa sababu moja tu, soketi za Intel za kabla ya LGA1700 haina breketi zake. Kama bodi yako ni mpya, ipandishe.

Za bei ya chini kabisa zenye taa na pini nne za plastiki za kubonyeza? Pini zinachoka. Tuendelee.

Ukishafunga, ipime. Weka HWiNFO64, programu ya bure ya kusoma joto, endesha Cinebench, programu ya kuitesa prosesa, kwa nusu saa, halafu chukua joto la prosesa toa joto la chumba. Prosesa ikiwa 75 na chumba 27, namba yako ni 48, na hiyo ndiyo ya kulinganisha, maana hao wa YouTube wanapima kwenye chumba cha digrii 21 na wewe uko Wandegeya saa nane mchana juu ya vibanda vya rolex (chapati za mayai) za watu. Tena Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 12, inabeba joto kidogo kuliko ya Mombasa, kwa hiyo usishtuke ukizidi video kidogo. Kabale hewa ni nyepesi zaidi lakini wao baridi yao inawafidia. Ukizidi kwa digrii 15 au 20, hapo sio hewa, rudi kwenye breketi, na uangalie kama ile nailoni ya chini ya hitisinki ilitolewa.

Sasa hiyo habari ya breketi za bure inataka risiti, na risiti ndio vita vyenyewe. Ukiomba ya EFRIS, ile risiti ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, muuzaji anakwambia bei inabadilika, anaongeza VAT asilimia 18 juu ya bei ambayo sasa hivi tu alikuwa anaapa ni ya mwisho. Ukimkubalia, anaandika "spea ya kompyuta", basi, hakuna modeli. Karatasi hiyo Austria watafanyia nini? Mwambie aandike NH-U12S herufi kwa herufi, na usitoke kaunta mpaka amalize, hata kama boda wako anapiga honi nje.