Hita ya gesi ya karavani: joto inalo, ila kuwaka ni mpaka ijisikie

Nianze na maksi kabisa asiye na muda aende zake: nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne au zaidi kama hii hita ya gesi iliyokuja na karavani (kile kijumba cha kusafiria kinachovutwa na gari) ingekuwa inawaka kila ikihitajika, ila hii kuna siku inawaka freshi na kuna siku feni inazunguka weee halafu unachopata ni upepo wa baridi tu, na siku zenyewe za kugoma ndo zile za baridi kali. Jina la mtengenezaji siliweki maana hita karibu zote za aina hii zinafuata utaratibu uleule na zinazingua kwa sababu zilezile, kwahiyo hata kama yako ni ya kampuni nyingine soma tu.

Sifa zake kwanza nisiionee. Ikishawaka inatoa moto wa kweli, ndani kunabadilika fasta na hewa ya moto inafika mpaka nyuma kwenye kitanda. Moshi haukai ndani kwa sababu chemba ya moto imefungwa, inavuta hewa ya nje na kutoa hukohuko nje. Kelele ipo, feni inavuma, utazoea.

Sasa lawama yangu kubwa, na ndo imekula nyota: ikigoma haikwambii imegomea wapi. Mambo ndani yake yanaenda kwa foleni. Themostati, kile kidude unachosetia joto, inaomba joto, feni inaanza peke yake, upepo wa feni unasukuma kibapa cha kijiswichi kidogo, kile kijiswichi kikigusa ndo bodi, ile sakiti inayoongoza hita, inapata ruhusa, bodi nayo inasubiri kama sekunde 15 hivi ili feni ifukuze gesi yoyote iliyobaki kwenye chemba, halafu inafungua valvu ya gesi na kupiga cheche kwa pamoja. Hapo ina sekunde kama 7 tu za kuuona moto, isipouona inafunga gesi. Kuna bodi zinajaribu mpaka mara 3 kabla ya kujifungia na kuna zinazokata tamaa mara ya kwanza. Ikishajifungia zima themostati, subiri dakika kadhaa, washa tena.

Kwahiyo tumia masikio, kaa karibu nayo usikilize. Feni inazunguka lakini husikii "tak" ya valvu wala "tik tik tik" ya cheche, basi hujafika hata kwenye gesi, achana na mtungi, shida iko kwenye umeme, kile kijiswichi cha upepo, ile swichi ya kukata joto likizidi, au bodi. Unasikia tak na tik tik ila moto hakuna, hapo ndo uwaze gesi au plagi ya cheche. Moto unawaka "vuuu" halafu baada ya sekunde chache unazima, hapo gesi ipo, ila bodi haiuoni moto, angalia ile ncha ya kuhisi moto na waya wa athi. Mambo haya matatu wangeyaandika kwenye kibandiko mlangoni tungeokoa usiku mwingi sana.

Hii yangu ilikuwa ya kundi la kwanza, feni tupu. Fundi wa kwanza alikuja, hakutoa hata tesita, akasema bodi imekufa nunua nyingine. Sikununua. Bodi kweli huwa zinakufa, na mara nyingine ni zile ncha zake tu za shaba pale soketi inapochomekwa zimeshika uchafu, unachomoa soketi unasafisha unarudisha inawaka, lakini kuihukumu bodi bila kupima ni kubahatisha kwa hela ya mwenzio. Fundi wa pili alipima volti palepale kwenye waya za hita HUKU FENI INAZUNGUKA, na hapa ndo naomba msome kwa makini, kwa sababu betri ikiwa imepumzika inaweza kukuonyesha volti 12 na ushee ukaridhika, feni ikianza kuvuta umeme zinashuka, zikifika chini ya 10.5 hivi feni inazunguka kivivu, upepo hautoshi kusukuma kile kibapa, foleni yote inasimama hapo. Mtu akisikia feni anajua umeme upo, kumbe upo nusu. Ndo maana inagoma alfajiri, betri imechoka usiku kucha na baridi nayo inainyonga, ukichomeka umeme wa nje inawaka kama haijawahi kuumwa. Kwangu waya wa athi ulikuwa umeshika kutu pale unapofungwa kwenye chasi, ukapigwa msasa na kukazwa upya.

Hiyo ilisaidia ila haikumaliza, maana kijiswichi chenyewe nacho kilikuwa kimejaa vumbi na manyoya ya mbwa, kibapa kinasukumwa kinakwama njiani. Na hapa namlaumu aliyeibuni hii kitu. Kinachochafuka kirahisi kuliko vyote amekificha ndani kabisa, yaani kukifikia inabidi ufunge gesi, ukate umeme, ufungue bomba, uvute hita nzima nje, kwa ajili ya kitu cha kusafisha dakika mbili. Kuna wajanja wanaunganisha zile waya mbili ili kuiruka hiyo swichi, aisee usifanye hivyo. Ile ndo inahakikisha feni inasukuma hewa kabla gesi haijamwagwa, ukiiruka na feni ikafa siku hiyo unawasha moto kwenye chemba isiyo na upepo.

Upande wa gesi sina mengi. Ukibadilisha mtungi fungua valvu taratibu, ukiifungua kwa pupa kile kizuizi cha usalama kinaweza kujibana gesi ikapita kidogo mno, halafu washa jiko kwanza mpaka moto utulie, hewa yote iwe imetoka kwenye bomba. Regulata, kile kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, inatakiwa kutoa presha ya kama inchi 11 za maji, ambayo ni milibari 27 hivi, ipimwe vifaa vingine vikiwa vinawaka. Kama mtungi wako ni wa butani na nje kumekaribia sifuri usiilaumu hita, butani haichemki chini ya hapo kwahiyo mvuke hautoki, tumia propani ambayo inaenda mpaka -42. Plagi ya cheche pengo lake ni kama milimita 3, ukiitoa weka gasketi mpya. Na chungulia eksozi, nyigu na buibui wanapenda kujenga humo hita ikikaa muda bila kutumika.

Masizi yakitapakaa kwenye eksozi, au ukuta wa chemba ukiwa na ufa, hapo hakuna cha kujaribu tena, zima funga gesi. Alamu ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, iwe inafanya kazi kabla hujagusa hata skrubu moja.

Kwa sasa inawaka ikiitwa, ila nyota sijaongeza. Anayenunua karavani iliyotumika akague kama hita ina mlango wa kufungulia kwa nje na kama bodi ina kile kitaa kinachopepesa kuonyesha aina ya kosa, halafu aiwashe kwa betri peke yake, muuzaji asikuchomekee umeme wa nje wakati unajaribu.