Gereji ya Chake Chake, Pemba, ilonipandishia Samurai: ufundi safi, ahadi ndo tatizo

Jina la gereji naliweka kapuni ila kwa ufundi wanajua, wallahi. Suzuki Samurai yangu ya zamani wameipandisha inchi 2, springi mpya mbele na nyuma na shokapu ndefu, alafu gari iko juu matairi yananing'inia fundi akaniita nione hosi ya breki ilivovutika mpaka imekakamaa, akasema bwana hii ukiingia shimo kubwa inakatika, weka ndefu. Gereji nyengine wangenyamaza tu.

Matairi tumeweka makubwa zaidi, saizi 235/75R15 badala ya yale ya mwanzo 205/70R15, na hapo ukikata stelingi mpaka mwisho tairi likawa linasugua pembe ya bampa, krrr krrr, wakakata kidogo na kugonga ukingo wa madigadi, hawakunichaji zaidi.

Saivi njia ya msitu wa Ngezi kwenda Vumawimbi hata mvua ikinyesha napita, tumbo la gari haligusi tope. Lakini mjue injini ya 1.3 inachoka kuvuta matairi makubwa, vilima vya Pemba unavijua mwenyewe, gia ya nne unaisahau. Na kwa ukubwa wa matairi hayo spidomita inadanganya, ikisoma 50 weye uko kama 55, muangalie trafiki.

Kilonikera ni ile "njoo kesho inshallah", kila kesho ina kesho yake na pesa washachukua yote. Mie nawaambia toeni nusu, nyengine mpaka mushaiendesha wenyewe na mushaikatisha kona.

Nyota 4.